Magadi si ya Maharage Peke Yake

Kama unaishi Mbeya au Iringa, huenda nyuma ya kopo lako la chumvi pana kifundo cha mfuko chenye mawe ya magadi. Unayakumbuka siku ya makande, au siku ya maharage yaliyokaa ghalani mpaka yakawa kokoto. Unamega kipande kama punje ya hindi, unakitia chunguni, unafunga fundo, basi. Nakuomba ulifungue tena Jumamosi hii jioni, kwa kazi ambayo pengine hukuwahi kuifikiria: kuoka preseli.

Preseli ni mkate wa Wajerumani. Ni kamba ya kinyunya iliyopindwa ikaacha matundu matatu, ikaokwa mpaka ganda likawa na rangi ya mninga uliopigwa vanishi, na ndani ukabaki mkate mweupe, laini, wa kutafuna. Juu yake hunyunyizwa chumvi ya chengachenga. Anayeiona mara ya kwanza hudhani imepakwa yai au sukari ya kuunguza. Haikupakwa kitu. Ilichovywa kwenye maji ya magadi, au maji ya jamaa yake mkali zaidi, ndipo ikaingia motoni.

Wajerumani wenyewe si wageni huku. Wamisionari wa Moraviani na wale wa Misioni ya Berlin walifika nchi ya Rungwe mwaka 1891. Tukuyu waliibatiza Neu Langenburg, na Iringa waliacha boma ambalo leo ni makumbusho. Hata baada ya serikali yao kuondoka, katika miaka ya kati ya vita kuu mbili, walowezi wa Kijerumani walikuwa na mashamba Mufindi na Mbozi. Kiswahili kiliokota kwao neno shule, kikaokota na hela, iliyokuwa sarafu yao. Jina la mkate wao, Brezel, halikushika mizizi, kwa hiyo mimi naliandika kama linavyoangukia sikio letu: preseli.

Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba mkate huu unataka vitu viwili vinavyowasumbua wapishi wa kwingine, nasi tunavyo bila jasho. Cha kwanza ni magadi. Cha pili ni baridi. Anayeoka Dar es Salaam lazima atafute nafasi kwenye friji. Wewe fungua dirisha la jikoni mwezi wa saba.

Unga na kinyunya

Kwa preseli nane za kushiba, pima nusu kilo ya unga mweupe wa ngano, yaani vikombe vinne vya robo lita vilivyojazwa bila kushindiliwa. Unga wa kawaida wa chapati na maandazi unafaa. Chukua kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chenga, vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, vijiko viwili vikubwa vya siagi au blue band, na maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na vijiko viwili vya chakula. Kama umepata unga wa ngano ya Makete uliosagwa na pumba zake, badilisha gramu 100 za unga mweupe kwa huo. Ladha itaongezeka, ingawa kamba itakatika kwa urahisi zaidi unapoivuta. Usizidishe hapo.

Changanya vitu vikavu, ingiza siagi kwa vidole, kisha mimina maji. Utajisikia kutaka kuongeza maji mengine. Kaza moyo. Kinyunya cha preseli ni kigumu kuliko cha chapati, na hata kuliko cha maandazi. Kikiwa laini kitalegea kwenye maji ya magadi na kutoka kama kitambaa kilicholowa. Kweli, hewa yetu ya kiangazi ni kavu na unga unakauka nao, kwa hiyo kijiko kimoja cha ziada nakuruhusu. Cha pili hapana. Kanda dakika kumi kamili kwa kiganja, ukisukuma na kukunja, mpaka kinyunya kiwe nyororo kama ndewe ya sikio.

Sasa kuhusu kuumuka. Jiji la Mbeya liko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa imezidi 1,500. Kwenye mwinuko huo hewa inakandamiza kidogo, kwa hiyo gesi ya hamira inatanuka upesi kuliko pwani. Wakati huohuo baridi inailaza hamira. Hayo mawili yanavutana, na ndiyo maana saa zilizoandikwa kwenye vitabu vya mapishi hazikufai. Angalia kinyunya chenyewe. Kikivimba mara moja na nusu ya kilivyokuwa, kinatosha. Ukingoja kifike mara mbili na zaidi, preseli itapata mapovu chini ya ganda. Mwezi wa kumi na moja jambo hilo linaweza kuchukua dakika 50. Mwezi wa saba, kwa bakuli lililofunikwa na kuwekwa kando ya jiko lililokwisha kupikiwa ugali, inaweza kuwa saa mbili.

Kupinda kamba

Kata kinyunya vipande nane sawa, uviache vipumzike dakika kumi chini ya kitambaa chenye unyevu. Pumziko hilo si anasa. Usipolitoa, kamba itarudi nyuma kila ukiivuta, kama mpira wa manati.

Viringisha kila kipande juu ya meza isiyo na unga, kwa viganja viwili vinavyoanzia katikati na kwenda nje. Unataka kamba ya urefu wa sentimita 55 hivi, yaani zaidi kidogo ya rula mbili za shule zilizounganishwa ukitoa kiganja. Katikati iwe nene kama kidole gumba cha fundi, na ncha zote mbili ziwe nyembamba kama penseli. Tofauti hii ya unene ndiyo raha yenyewe: tumbo linabaki laini, mikono inakauka na kulia mdomoni.

Kisha iweke mezani kwa umbo la herufi U, mdomo wake ukiwa mbali nawe. Shika ncha mbili, zipishane mara moja, zipishane tena mara ya pili, halafu zikunje kuelekea kwako na kuzibana kwenye tumbo la U, moja kushoto, nyingine kulia, kama saa nne na saa nane za Kizungu ukiitazama saa ya ukutani. Ulaya husimulia kwamba umbo hili liliiga mikono ya mtoto iliyokunjwa kifuani wakati wa sala. Mimi huliona kama mtu anayesikia baridi ya Kitulo. Anayejua kusuka nywele hatapata taabu hapa. Asiyejua ataharibu tatu za mwanzo, na tatu hizo zitaliwa vilevile.

Watoto wakiwa jikoni, wape kipande kimoja watengeneze watakacho. Vijiti vifupi vilivyochovywa magadi na kuokwa vina ladha ileile, na havihitaji ufundi wowote.

Usiku mmoja wa baridi

Hapa ndipo nyanda za juu zinapolipa. Preseli zilizokwisha kupindwa hutakiwa kupoa kabisa kabla ya kuchovywa, na juu zikauke kidogo zifanye ngozi. Ngozi hiyo ndiyo inayonyonya magadi kwa usawa na kung'aa baadaye. Na preseli iliyopoa inashikika. Iliyo ya moto inaporomoka mikononi ukiinyanyua.

Zipange kwenye sinia lililopakwa mafuta, ziache zivimbe kidogo kwa dakika 20 jikoni, halafu zipeleke mahali penye baridi: baraza la nyuma, stoo, dirisha lenye wavu. Kati ya mwezi wa sita na wa nane, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Iringa nayo haina huruma. Funika kwa ungo uliogeuzwa, kwa sababu ungo unapitisha hewa na unazuia panya, majivu na paka wa jirani. Ukifunika kwa nailoni, jasho litazirudisha katika unyevu na umepoteza usiku mzima. Asubuhi utazikuta zimekaza, zimenenepa kidogo, na harufu yake imekuwa ya mkate wa kweli, kwa sababu hamira inayofanya kazi polepole huacha ladha ambayo ya haraka haiwezi kuifikia.

Msimu wa joto, au kama huna subira, friji kwa saa mbili inatosha. Nimejaribu njia zote mbili na sitaficha kwamba ya barazani ni bora.

Maji ya magadi

Waokaji wa Ujerumani hutumia kostiki, ileile inayouzwa kwa watengeneza sabuni, ikiwa imezimuliwa sana na ikiwa ya daraja la chakula. Usiiguse. Kostiki ya dukani kwetu ni ya sabuni na mabomba, inachoma ngozi na kupofusha macho, na jikoni kwenye watoto haina nafasi. Tuna kitu kinachokaribia kazi yake bila balaa lake.

Mawe ya magadi tunayouziwa hutoka kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Ziwa Natron, kaskazini mwa nchi, ndilo mashuhuri kwetu. Ng'ambo ya mpaka Kenya ina Ziwa Magadi lenyewe, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Hata Ziwa Rukwa, nyuma ya milima ya Mbeya, lina maji ya magadi. Mkemia atakwambia jiwe lile ni mchanganyiko wa kaboneti ya sodiamu na bikaboneti ya sodiamu. Bikaboneti peke yake ndiyo ile poda nyeupe ya pakiti ambayo wengi tunaiita magadi soda. Si beking pauda. Hiyo iache kwenye keki. Kaboneti ndiyo yenye nguvu, na kwa kuwa jiwe tayari limebeba kaboneti, maji yake huwa makali kuliko ya poda ya pakiti.

Na wazee wetu hawakungoja lori la kutoka Natron. Sehemu nyingi za nchi walichoma maganda ya maharage au ya ndizi, wakayatia majivu kwenye chombo chenye matundu, wakamimina maji na kukinga yanayodondoka. Huko Ulaya pia maji makali ya zamani yalichujwa kwenye majivu ya kuni. Bibi aliyekinga maji ya majivu ili kulainisha mboga na mwokaji wa Bavaria walikuwa wanafanya kemia moja.

Kwa nini maji hayo yapake rangi? Kwenye moto, protini na sukari za unga hushikana na kugeuka kahawia, kama inavyotokea juu ya nyama choma. Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mmenyuko huo mwaka 1912. Magadi huuharakisha, hivyo ganda linafika kwenye rangi ya mninga wakati ndani ya mkate bado ni laini. Bila magadi ungelazimika kuoka muda mrefu kupata rangi hiyo, na ungepata kijiti cha kupigia ngoma.

Sokoni omba mawe meupe. Mimi huyanunua kwa mama mmoja anayeuza dagaa na viungo.

"Shikamoo mama. Naomba magadi, lakini yale meupe."

"Marahaba mwanangu. Maharage gani hayo yanachagua rangi?"

Nilipomwambia ni ya mkate alinitazama kwa muda, akaongeza jiwe moja bure, nadhani kwa huruma.

Twanga mawe mpaka yawe unga. Pima vijiko sita vya chakula vilivyosawazishwa kwa lita moja na nusu ya maji ya moto, koroga, kisha acha yatulie robo saa. Chini kutabaki tope na mchanga. Mimina yaliyo juu taratibu kupitia kitambaa safi. Maji yaliyo tayari yanateleza kati ya vidole kama maji ya sabuni. Ukishapima hivyo, suuza vidole, na usiyaonje.

Kama umekosa mawe, geuza magadi soda ya pakiti kuwa kali. Itandaze kwenye sinia la chuma na kuichoma ndani ya oveni kwenye nyuzi 150 kwa saa moja. Inatoa mvuke na hewa, na gramu 100 hubaki kama 63. Hapo vijiko vinne vinatosha kwa maji yaleyale. Usiivute puani wala kuishika kwa mkono wenye kidonda. Ukiitumia bila kuichoma preseli itaiva vizuri tu, ila itakuwa na rangi ya andazi.

Neno moja la afya. Magadi ya Bonde la Ufa huwa na floraidi, ambayo ikizidi huwatia watoto meno ya madoa ya kahawia. Kwenye preseli yanagusa ganda tu, nawe huzili kila siku, lakini hiyo si ruhusa ya kujaza magadi kwenye kila chungu. Nyumba yenye watoto wadogo wanaokula preseli kila wiki ingefaa itumie ya pakiti iliyochomwa.

Na sasa onyo nililolipia kwa aibu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi huila alumini. Mara ya kwanza nilichemsha maji haya kwenye sufuria nzuri ya mama mkwe wangu, pale Uyole. Yalianza kutoa povu, nikafurahi, nikidhani ndiyo dalili ya kuiva. Nilipomwaga, sufuria ilikuwa nyeusi tii ndani, na yenye vidoa vya kuparuza. Mama aliishika mpini, akaiinamisha kwenye mwanga. "Mwanangu, humu umepika lami?" Sikuwa na jibu, na sufuria ile sasa inachotewa maji ya kuku.

Tumia sufuria ya stenlesi, au ya enameli isiyobanduka, au chungu. Vyungu vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kule Matema kando ya Ziwa Nyasa, vinapatikana kwenye masoko ya Mbeya, na kile cha mdomo mpana kinafaa sana. Udongo unanyonya, kwa hiyo chungu ulichokitia magadi kiweke kwa magadi siku zote.

Chemsha maji hayo, kisha punguza moto yaendelee kutokota polepole. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100, na kwa kazi hii tofauti hiyo haidhuru. Ingiza preseli moja moja ukiishikilia kwa mwiko wenye matundu. Sekunde 15 upande mmoja, geuza, sekunde 15 upande wa pili. Hesabu kwa sauti. Ukisahau ukaenda kufungua mlango, itatoka na ladha ya sabuni, na hapo hakuna siagi itakayoificha. Ichuje maji vizuri kabla ya kuilaza.

Usiilaze moja kwa moja kwenye sinia la alumini, kwa sababu ileile ya sufuria. Weka karatasi ya kuokea. Ukikosa, kata jani la mgomba, lipitishe juu ya moto likalegea, lifute, lipake mafuta. Litakauka na kukunjamana motoni lakini mkate utabanduka safi, na chini yake utapata harufu ambayo karatasi haiwezi kukupa.

Kwa wembe au kisu kikali, chana mstari mmoja kwenye tumbo la kila preseli, kina cha nusu sentimita. Hapo ndipo itakapofunguka na kuonyesha weupe. Kisha nyunyiza chumvi. Ile laini ya pakiti inayeyuka na kupotea. Tafuta chumvi ya mawe, iponde mpaka iwe kama chenga za mchele. Ufuta pia unapendeza.

Moto

Mwenye oveni ya umeme au gesi aipashe kwa nyuzi 220 mpaka 230, aoke dakika 13 hadi 16, na asiendelee kusoma sehemu hii.

Wengi wetu tuna mkaa. Oveni ya mkaa ya bati iliyoundwa na mafundi wa Sido, shirika la viwanda vidogo, ni nzuri kuliko inavyoonekana, ila inataka kusubiriwa. Usiingize kitu kabla haijashika joto kila upande. Nyunyiza unga kidogo kwenye sinia tupu na uliingize. Unga ukigeuka kahawia ndani ya dakika moja hivi, moto umefika. Ukiwa mweusi papo hapo, fungua mlango upoe. Ukibaki mweupe, ongeza mkaa na usijidanganye.

Asiye na oveni atumie sufuria kubwa, njia ileile ya keki za mtaani: mchanga mkavu chini, vijiwe vitatu juu yake, sinia dogo juu ya vijiwe, mfuniko wa bati, na makaa juu ya mfuniko. (Hapa alumini haina ubaya, kwa sababu hakuna maji ya magadi yanayoigusa.) Kwa keki moto wa chini na wa juu hukaribia kulingana. Kwa preseli geuza hesabu: theluthi mbili za makaa ziende juu, theluthi moja ibaki chini. Rangi inatoka juu. Pasha sufuria tupu robo saa kwanza, oka preseli mbili mbili, na usichungulie kabla ya dakika 12. Kila ukifunua, joto lote linakwenda kwa jirani. Dakika 16 hadi 20 ndizo zilizonifaa, na majivu ya mfuniko yapeperushe kabla ya kuufunua. Nimekula preseli yenye majivu. Haina tofauti sana na yenye chumvi, lakini wageni hulalamika.

Zitoe zikiwa nyeusi kidogo kuliko unavyothubutu. Woga wa kuunguza ndio unaotupa preseli za rangi ya andazi. Gonga chini kwa kidole: ikitoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani, imeiva. Iweke juu ya waya au kapu ipumue.

Kuila

Dakika kumi baada ya kutoka motoni, kabla haijapoa kabisa, ipasue tumboni na uipake siagi. Kwa ladha hiyo ya kwanza usiongeze kitu kingine.

Ya pili uipe mwenzi. Wajerumani huipa haradali, na kule Bavaria huila na soseji nyeupe ambayo kwa desturi yao huliwa kabla ya saa sita mchana. Haradali nzuri ni ghali huku na sioni sababu ya kuihangaikia. Parachichi la Rungwe lililopondwa na ndimu, chumvi na pilipili kichaa linafanya kazi hiyo kwa heshima zaidi. Jibini ya Njombe ikikwanguliwa juu ya preseli dakika tatu kabla haijatoka ovenini inayeyuka na kuganda pembeni, na kingo hizo zilizoungua ndizo watoto wanazogombania. Asali nayo inafaa, mradi umepunguza chumvi.

Cha kunywa kinategemea uko wapi. Kwa Mbozi ni kahawa, nzito na bila sukari, kwa sababu uchungu wa ganda na wa kahawa vinaelewana. Kwa Mufindi na Tukuyu ni chai ya maziwa. Na Iringa, wakati wa mvua, mianzi inapogemwa, kuna ulanzi. Ujerumani preseli ni mkate wa bia: chumvi inakuita kunywa, kinywaji kinakurudisha kwenye chumvi. Ulanzi mtogwa, ule wa asubuhi ambao bado ni mtamu, unaichukua nafasi hiyo kana kwamba uliumbwa kwa ajili yake. Mkangafu, uliokwisha kuchacha, unafaa pia, lakini oka kwanza ndipo unywe, maana maji ya magadi na kichwa chepesi havikai jiko moja.

Preseli haihifadhiki. Siku yake ni ile iliyookwa. Wakati wa mvua, na hasa Tukuyu ambako mvua haijui likizo, chumvi hunyonya unyevu wa hewa, inayeyuka na kuacha madoa yaliyolowa juu ya ganda. Kwa hiyo tia chumvi kwenye zile zitakazoliwa leo tu. Nyingine ziache tupu, na kesho zinyunyizie maji kidogo, zipashe kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa, dakika mbili kila upande, ndipo utie chumvi.

Ya siku ya tatu imekuwa mti. Usiitupe. Ikatekate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, itie kwenye bakuli la maharage ya nazi yanayotoka jikoni yakifuka moshi, funika na sahani, ngoja dakika tano. Ganda linalainika bila kuvunjika, linanyonya mchuzi, na ule ukakasi mdogo wa magadi unakutana na wa maharage. Kijiko, siyo uma.